Maneno Niliyoongeza Mwenyewe

Elia mwanangu,

Salamu tuziache. Asubuhi tumekunywa uji wa chungu kimoja mimi na wewe, na mtu hamwamkii kwa barua anayelala chini ya paa lake. Naandika hapa nyuma ya zizi, juu ya ubao wa kukatia majani, na jua bado liko juu ya migomba. Wewe umekwenda kuwaaga wajomba zako. Barua hii nitampa mama yako akupe ukirudi, uisome kabla mwanga haujaisha. Usije kunitafuta kabla hujafika mwisho. Nitakuwa huku nyuma nikijifanya nakata majani ya ng'ombe.

Utajiuliza kwa nini baba anakuandikia na mdomo anao, tena mdomo wenyewe unaujua. Ndiyo sababu. Nikianza kusema nitatia mzaha, ukicheka nitaona yamekwisha, na jambo litabaki palepale lilipokuwa. Kwenye karatasi hakuna wa kuchekeshwa. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Kimeru sijui kukiandika, ingawa mengi ya haya yalisemwa kwa Kimeru.

Mambo ya blanketi, kibuyu cha maji, na kutolala kwenye nyasi ndefu, mama yako amekwisha kukuambia mara nne. Sitayagusa. Kesho unaondoka na msafara kwenda boma la Kondoa kuwa mkalimani wa Bwana Mkubwa wa huko. Kazi hiyo niliifanya mimi hapa boma la Arusha, miaka mitano. Kwa hiyo nataka kukuambia habari za neno moja. Hautapita mwezi kabla hujalitamka, kwa sababu Mzungu atalisema na wewe ndiye utakayekuwa mdomo wake. Neno lenyewe ni mpumbavu.

Na liko jambo la pili, ndilo zito. Jana uliniuliza nani atakutemea pombe ya baraka kifuani kabla hujaondoka, maana mkubwa wa nyumba yetu ni kaka yangu Nderingo, baba yako mkubwa, na mimi na yeye hatukai pamoja. Nikakujibu kwamba sala ya mwalimu wa misheni inatosha. Ukainama ukasema, "Sawa, baba," kwa sauti ile unayoitumia ukiona mtu mzima anadanganya. Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu jana. Kusafiri bila baraka ya mkubwa wa nyumba ni jambo ambalo hata mimi sijalifanya, na mimi nilikuwa kichwa kigumu kuliko wewe.

Nianze na neno, maana ndilo lililoanza.

Nilipokuwa na umri wako niliteremka pwani na msafara wa pembe, mzigo kichwani, hadi Pangani. Kiswahili changu kilikuwa "maji" na "twende", basi. Njiani sisi wa safari ya kwanza tuliitwa kwa jina moja sote: wajinga. Wajinga, kuni. Wajinga, maji. Wajinga, amkeni. Nilidhani ndilo jina la kabila wanalowapa watu wa bara. Tulipofika kijiji kimoja mzee akaniuliza mimi ni mtu wa wapi, nikajigonga kifua nikamwambia kwa fahari kabisa, "Mimi mjinga." Wapagazi walicheka hadi wakatua mizigo.

Kiongozi wa msafara alikuwa mtu wa pwani, mzee mwenye meno machache na subira nyingi. Ndiye aliyenieleza. Aliniambia nisione haya, maana mjinga ni mgeni wa jambo, mtu ambaye hajaambiwa. "Mimi nikipanda mlimani kwenu ndiye nitakayekuwa mjinga," alisema, "sijui hata mgomba upi ni wa pombe na upi ni wa kupika." Akasema ujinga ni mzigo, kila mtu ameubeba, na akija mgeni mwingine nyuma yako unamtwisha yeye. Lakini mpumbavu ni mtu mwingine. Neno hilo limetoka kwenye kupumbaa, kusimama mdomo wazi na macho wazi huku nyumba inaungua. Yeye si kwamba hajaambiwa. Anaona, na haoni. Mjinga, akasema mzee, mwambie. Mpumbavu mpishe njia.

Nilifurahi sana na maelezo hayo. Safari ya pili nilikuwa wa kwanza kupiga kelele, "Wajinga, kuni!"

Miaka mingi baadaye, mwalimu wa misheni aliponifundisha kuandika hapa nyumbani, alinipangia maneno kwa safu. Akaniambia ujinga na upumbavu vinakaa safu moja na utoto, uzee, uchungu na usingizi, na kwamba maneno hayo hayana wingi. Huwezi kusema ujinga mmoja, ujinga miwili. Wewe ulikuwa umelala kifudifudi kando ya moto, tukidhani umesinzia, ukainua kichwa ukauliza: sasa ukiwa mwingi sana unaitwaje? Mama yako alikuwa anamenya ndizi. Bila kuinua macho akasema, "Unaitwa baba yako." Mwalimu alicheka akamwaga wino. Nami nilicheka, ila usiku huo nililala nikitazama ukuta, maana mama yako alikuwa anajua ninayotaka kukuambia leo, na wewe hukuwa unajua.

Nimelifikiria neno hili sana, labda kuliko inavyompasa mtu mwenye ng'ombe watatu. Wewe unakijua Kijerumani kuliko mimi, unajua neno lao la mpumbavu, lenye kichwa ndani yake. Wao upumbavu wameuweka kichwani. Watu wa pwani wameuweka machoni, kwa huyo aliyepumbaa. Mama yangu, bibi yako ambaye hukumwona, aliuweka jikoni. Mtu akifanya la kipuuzi yeye alisema tu, "Huyu bado moto haujamfikia," kama anazungumza habari za ndizi zilizo juu ya chungu. Hakumkatia mtu tamaa hata siku moja. Ningemsikiliza yeye nisingekuwa hapa nyuma ya zizi na karatasi.

Sasa Nderingo.

Baba yetu alikufa mimi nikiwa mtoto wa kubebwa, na aliyenibeba ni yeye. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua chipukizi la mgomba, na yeye ndiye aliyenipiga nilipoacha mbuzi wakaingia kwenye ulezi wa watu, halafu akaenda mwenyewe kuomba radhi kwa wenye ulezi. Siku nilipoondoka kwenda pwani alinitemea pombe kifuani akanivua ngozi yangu iliyochakaa akanivika yake. Yeye akabaki na ile yangu mbovu msimu mzima wa baridi. Nimekutajia hayo ujue nilikuwa namdai nini: hakuna. Lakini mtu aliyekubeba mgongoni ameona kila kitu chako, na ukishavaa kofia hupendi kutazamwa na mtu wa namna hiyo.

Maana nilivaa kofia. Wajerumani walipoweka boma Arusha walitaka mtu anayejua Kiswahili na Kimeru, na mtu huyo alikuwa mimi. Nikapewa nyumba upande wa Kijenge, nikapewa kanzu na kofia nyekundu, nikawa nasimama kulia kwa Bwana Mkubwa siku za shauri. Wazee walionijua nikichunga mbuzi wakawa wananiletea asali. Mama yako alikataa kuhamia huko. Alisema atakaa mlimani na wewe mpaka nitakapokumbuka njia ya kurudi. Nilidhani ananionea wivu.

Mwaka walowezi wa kwanza walipopimiwa mashamba kule bondeni, mmoja wao alitaka maji ya mfereji wetu, yashuke kwake mchana na usiku. Nderingo ndiye aliyekuwa mwangalizi wa mfereji, kama alivyo mpaka leo. Unajua kazi hiyo. Kila nyumba ina siku yake, na hakuna anayegeuza maji bila wenye mfereji kukaa wakakubaliana. Akaitwa kwenye shauri. Alikuja na miguu yake imejaa tope, maana walimchukua kazini, na nyuma yake wakaja watu wa rika lake, aliotahiriwa nao.

Bwana Mkubwa akauliza maji yatafunguliwa lini. Nderingo akasema kwa upole kwamba anaomba siku tatu, wazee wakae kwanza, mwenye zamu asije akaamka akakuta migomba yake imekauka. Nikatafsiri. Ilikuwa saa sita, jua kali, Bwana Mkubwa alikuwa amechoka na mashauri. Akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi, akasema kwa Kiswahili, "Mpumbavu."

Neno moja, Elia. Ningeweza kunyamaza, Nderingo alikuwa amekwisha kuona mkono ukipungwa, ulikuwa unatosha. Ningeweza kusema, "Amekataa." Ningeweza hata kulisema lenyewe kama lilivyo. Lakini askari walikuwa wananitazama, na tope la miguu ya kaka yangu lilikuwa limeanguka karibu na viatu vyangu, na nikaogopa Mzungu asije akaona tumefanana sura. Basi nikamwambia kwa Kimeru, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa uwanja, kwamba yeye ni mpumbavu, amezeeka bure, mtoto anayechunga mbuzi ana akili kumshinda, na baba alikosea kumwachia mji.

Watu walidhani yote yametoka kwa Mzungu. Hilo la baba halikuweza kutoka kwa Mzungu, atamjuaje baba yetu? Lakini watu wakikasirika hawachunguzi. Vijana wawili walicheka, kwa woga nadhani. Nderingo alinitazama kidogo tu, si kwa hasira, akaokota fimbo yake akaondoka, na wenzake wakamfuata bila mmoja wao kunisemesha. Maji yalifunguliwa siku ileile.

Nilijiambia nimemwokoa na viboko. Kwamba nikiwa mkali mimi, Mzungu hatakuwa mkali. Ukitaka kujua kama sababu ni ya kweli, angalia ilikuja kabla ya tendo au baada yake. Yangu ilikuja jioni, nikiwa nakula.

Siku ya nne nilikuwa nimekaa nje ya nyumba yangu Kijenge na askari wawili, tunakunywa chai. Nikamwona mama yako mkubwa, mke wa Nderingo, anakuja kwa njia ya Kimandolu. Alikuwa ametoka mlimani kwa miguu tangu alfajiri, peke yake. Mkononi ameshika jani la isale.

Wewe umezaliwa ndani ya isale, limetuzunguka mpakani na limeota juu ya kaburi la babu yako. Unajua likiletwa mlangoni mwako hakuna maswali. Hata aliyekuulia ndugu, akija nalo unalipokea, halafu ndipo mnakaa mnasemezana. Na aliyekosa ndiye anayelibeba. Sasa fikiri. Mimi ndiye niliyetukana, na yeye aliyetukanwa ndiye aliyetuma jani. Mama yako mkubwa alisimama akasema, "Kaka yako ameuliza, alikukosea nini hata ukawa na uchungu kiasi hicho. Hajui. Lakini anaomba radhi."

Mwanangu, nimetafuta namna nzuri ya kuliandika hili na sijaipata. Mmoja wa wale askari, mtu wa mbali, aliuliza hilo jani ni la nini. Nami nikacheka. Nikasema ni mambo ya washenzi wa mlimani. Nikamwambia shemeji yangu kwa Kiswahili, ambacho alikuwa hakijui vizuri, kwamba mimi ni mtu wa serikali, wenye shauri waje bomani. Sikunyoosha mkono. Alingoja. Jani likamponyoka likaanguka vumbini, sijui kama alilidondosha au alichoka kulishika. Akainama akaliokota, akalifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake taratibu, pande zote mbili, akarudi alikotoka. Hata maji hakunywa.

Basi nilichobeba siku ile hakikuwa ule mzigo wa mjinga niliokuwa nimeutua zamani sana. Mimi nilikuwa nimeambiwa. Nililijua isale kabla sijajua kutembea.

Haya mengine ni mafupi. Mwaka wa tano akaja Bwana Mkubwa mwingine na mkalimani wake kutoka Tanga, kijana anayejua kusoma, na mimi nikaambiwa nivue kofia. Nikarudi nyumbani. Mama yako alinifungulia mlango akanipa ndizi, hakuuliza kitu, na hilo liliniumiza kuliko angenisuta. Ulikuwa na miaka minane hivi. Siku moja ukaniuliza kwa nini hatuendi kwa baba mkubwa kwenye pombe ya mavuno, nikakuambia tuna ugomvi wa mpaka wa migomba. Hakuna mpaka wowote wenye ugomvi. Nimekudanganya miaka yote hii na wewe ukawa unapita kule mpakani unatazama masale kama yana makosa. Naomba radhi kwa hilo.

Nilikuwa nakwenda kila mwaka, kichwani. Nilisema nitakwenda baada ya mvua. Nikasema nitakwenda mtoto akipona. Nilipobatizwa nikapata sababu nono kuliko zote: isale ni mambo ya kale, mimi nimekwisha kutubu kwa Mungu, na Mungu amenisamehe, sasa Nderingo ni nani hata nimpelekee majani? Mwalimu wa misheni, mtu mwema, nilipomwuliza alinitazama akasema Mungu hakutukanwa pale uwanjani. Nikaacha kumwuliza mambo. Na kila mwaka aibu iliongezeka, na nilivyozidi kuona aibu ndivyo nilivyozidi kukasirika, hadi nikafika mahali pa kumkasirikia yeye kwa kuishi karibu. Nikisikia kikohozi chake ng'ambo ya migomba nilikuwa naingia ndani.

Kisha jana ukauliza swali lako.

Leo ulipoondoka nilikwenda mpakani nikakata jani. Nilitaka nisubiri giza, nipite nyuma ya nyumba yake, tumalize wawili. Nikaona hapana. Nilimtukana saa sita mchana mbele ya watu, sasa nikaombe radhi gizani kama mwizi wa kuku? Na leo ilikuwa siku ya kuzibua mfereji. Unajua wote huwa pale. Nikapanda na jani langu mkononi, nikiwa nimelishika mbele kama inavyotakiwa, na kila niliyepishana naye aliona jani akaniangalia usoni akashuka njiani.

Walikuwa kumi au zaidi, majembe mkononi, maji yakiwa yamezuiwa juu. Wengine ni walewale wa siku ile. Nderingo alikuwa amekaa kwenye jiwe, maana nguvu za kulima hana tena, anaelekeza kwa fimbo. Macho yake yameingia ukungu. Watu waliponyamaza akauliza kuna nini, na mmoja akamwambia, "Ni mdogo wako. Ameshika isale."

Nikapiga goti kwenye tope. Nikasema mbele yao wote lile ambalo sijamwambia mtu, hata mama yako aliling'amua mwenyewe. Nikasema, "Mzungu alisema neno moja tu. Mengine yote yalikuwa yangu."

Kaka yangu akasema, "Nilijua siku ileile. Yeye alisema kwa ufupi, wewe ukachukua muda mrefu."

Mtu mmoja alianza kucheka, akajizuia. Nami ningecheka kama si ile sura yake. Miaka kumi nimejificha nyuma ya mgongo wa Mzungu, na aliyetukanwa alikuwa ananiona wakati wote. Alijua, na bado alituma jani. Hapo ndipo nililia, Elia. Nakuambia kwa kuwa utaambiwa na wengine.

Aliponiacha nikamaliza, akaniuliza, "Umekuja kwa ajili yako, au kwa ajili ya mtoto?"

Jibu zuri nilikuwa nalo. Mkalimani hakosi jibu. Nilikwisha kufungua kinywa nimwambie kwamba moyo wangu haujapumzika miaka yote, na hilo lina ukweli ndani yake, ungeweza kulitafuna. Lakini nikaona nikilisema hilo nitakuwa nimeanza tena kuongeza maneno. Nikasema, "Kwa ajili ya mtoto. Asingeuliza jana, nisingekuja leo."

Alinyoosha mikono yote miwili akalipokea jani. Alilipapasa urefu wake wote. Kisha akasema, "Isale halikataliwi, na hili silikatai. Lakini hili ni la Elia. Aje kesho kabla ya jua, pombe ipo. La kwako utaniletea siku utakayokuja huna shida ya kuniomba."

Hakuniambia nikae wala niondoke. Mtu mmoja alikuwa ametua jembe lake kupangusa jasho, nikaliokota, nikaingia mferejini nikafukua mchanga pamoja nao hadi maji yalipofunguliwa. Hakuna aliyenisemesha, na hakuna aliyeninyang'anya jembe. Siku hizi nusu ya maji inakwenda bondeni kwa mlowezi, kwa hiyo mfereji unajaa mchanga upesi, kazi ni kubwa kuliko zamani. Mikono yangu imetoka malengelenge, ndiyo maana mwandiko huu ni wa kuku.

Basi kesho alfajiri nenda kwake. Nenda peke yako, mimi sitafika uani kwake, si zamu yangu. Msalimu mama yako mkubwa kwanza, na akikupa maji, kunywa yote. Kisha tutaagana hapa nyumbani.

Huko Kondoa utakuwa mjinga, na usione haya. Ulizia maji yako wapi, ulizia watu wa kule wanaombana radhi kwa kitu gani, maana kila mahali kuna kitu, na ni vizuri ukijue kabla hujapewa mkononi. Mzungu akisema mpumbavu na ukalazimika kulitamka, litamke lilivyo, moja, halafu funga mdomo. Mara nyingi utajisikia unataka kuongeza. Nakujua, ulimi wako ni wangu, nimeusikia ukiwa na wenzako. Sikuambii hutaongeza. Mimi baba yako nilikuwa na kaka aliyenivika ngozi yake na bado niliongeza. Nakuambia tu ukiongeza, nenda kesho yake. Usingoje uwe na mtoto wa kusafiri.

Jua limeshuka nyuma ya migomba, nasikia mama yako anaita kuku. Msafara wenu utapita Kijenge kesho saa tatu, na saa sita mtakuwa mmepotea machoni. Hapo baraka utakuwa nayo tayari, na mimi sitakuwa na shauri lolote la kumwomba Nderingo. Si maji, si mtoto, si chochote. Nitakata jani jingine nipande. Sijui kama atalipokea, huenda akasema nimekuja mapema mno, na nikirudishwa nitarudi tena keshokutwa. Lakini nitakwenda nikiwa sitaki kitu kwake, isipokuwa yeye mwenyewe.

Ni mimi baba yako